Kujaribu sasisho la programu dhibiti (firmware): thibitisha kwanza kwamba kifaa kimelipokea

Juzi mwenzangu alipiga kura ya +1 (yaani sasisho liko sawa) kwenye Bodhi, mfumo ambao Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, hupimia masasisho kabla ya kuyatoa. Kifurushi kilikuwa cha programu dhibiti ya kadi za michoro za AMD. Siku chache baadaye akasakinisha kerneli mpya (kiini cha mfumo), na kompyuta ikaanza kuganda. Tulipochunguza, tukakuta kwamba siku ya kura kadi yake ilikuwa bado inaendesha toleo la zamani. Kosa hilohilo liliwahi kunila jioni nzima.

Hatua ya 1: weka kumbukumbu ya kabla

`uname -r`
`lspci -nnk`
`sha256sum /lib/firmware/amdgpu/* > alama-kabla.txt`
`sudo cat /sys/kernel/debug/dri/0/amdgpu_firmware_info > kabla.txt`

Kwenye mashine nyingine ile 0 huwa 1.

Hatua ya 2: sakinisha

`sudo dnf upgrade --enablerepo=updates-testing amd-gpu-firmware`

Kifurushi hicho kimoja tu. Ukichanganya na kerneli mpya, hutajua mkosaji ni nani.

Hatua ya 3: hakikisha kadi imepokea toleo jipya

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kiendeshi cha amdgpu huamka mapema sana, mara nyingi kikiwa bado ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa mwanzoni kompyuta inapowaka), na programu dhibiti huisomea humohumo. Kwa hiyo faili mpya zinaweza kukaa kwenye /lib/firmware huku nakala za zamani ndizo zinazopakiwa kila unapowasha. Hata ukiwasha upya mara kumi, hakuna kinachobadilika mpaka initramfs mpya ijengwe, kama ile iliyokuja na kerneli mpya ya mwenzangu. Initramfs ijengwe upya:

`sudo dracut -f`

Amri hii hujenga ya kerneli inayoendeshwa wakati huo tu. Utakuta watu wanapendekeza `--regenerate-all`. Mimi naipinga kabisa. Fedora hukuachia kerneli 3 kwa kawaida, na zile za zamani zikibaki na programu dhibiti ya zamani ndizo zitakazokuokoa skrini ikiwa nyeusi. Ukizijenga zote upya, umejifungia mlango wa kutokea.

Kisha zima kabisa, usiwashe upya tu. Ukiwa unajaribu Bluetooth, hili ni la lazima: chipu nyingi huendelea kupata umeme wakati wa kuwasha upya, na hubaki na programu ileile. Chomoa chaja pia.

Ikishawaka, soma faili ileile ya debug uiweke kwenye baada.txt, halafu:

`diff kabla.txt baada.txt`

Ikiwa hakuna tofauti, usikimbilie kulaumu. Rudia sha256sum ulinganishe na alama za kabla. Huenda sasisho halikugusa faili za chipu yako. Basi usipige kura. Kadi yako haina ushahidi wa kutoa.

Hatua ya 4: ifanyishe kazi

Video, skrini ya pili, kisha usingizi (amri hii hulaza mashine na kuiamsha baada ya sekunde 60):

`sudo rtcwake -m mem -s 60`

Irudie mara 10. Naiamini kuliko kufunga kifuniko, kwa kuwa muda ni uleule kila raundi. Baadaye pitia `journalctl -k -b`. Mashine ikiganda ukailazimisha kuzima, tumia `-b -1` usome kilichotokea kabla haijafa.

Hatua ya 5: piga kura

Pamoja na +1 au -1, andika namba ya kifaa kutoka lspci (za kadi za michoro za AMD huanza na 1002), toleo la kerneli, na mistari iliyobadilika kwenye diff.