Kijana wa Lamu Aliye Kazini Ghuba: Namna ya Kupanga Mambo ya Huko na ya Nyumbani

Kijana aliyetoka Langoni au Mkomani akaenda kufanya kazi Doha au Riyadh huvutwa na pande mbili mapema: huko ameshazoea mshahara, marafiki na uhuru wa kutoulizwa anakwenda wapi, na nyumbani mama humuuliza kila Ijumaa atarudi lini. Swali hilo lisijibiwe kwa inshallah peke yake, bali kwa tarehe, na tarehe hiyo huanzia kwenye mkataba wa kazi. Katika nchi za Ghuba kibali cha mfanyakazi cha kuishi kwa kawaida hufungamana na kazi yake, kwa hivyo maisha ya huko, hata yakiwa matamu vipi, yana mwisho ambao si yeye pekee anayeuamua. Kabla ya kutia saini ya kuongeza muda, amua muda huo ni wa nini, iwe ni kumaliza nyumba, mahari au mtaji wa boti, kisha umweleze mzee mmoja unayemwamini.

Pesa za matumizi ya nyumbani zitengewe fungu na zitumwe mara moja kwa mwezi, kwa sababu kila kutuma kuna ada yake. Karo ipelekwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Maombi mengine hayataisha. Mjomba akipiga simu kuomba, mjibu kwa adabu lakini kwa uwazi: “Asalaam aleikum, mjomba. Fungu la mwezi huu limeshatoka. Nitakuwekea kiasi fulani mwezi ujao.” Kumnyamazia ndiko kunakomuudhi, wala usisingizie saa, kwani saa za Doha na Riyadh ni sawasawa na za Lamu.

Jambo linalotaka uangalifu zaidi ni ujenzi. Vijana wengi huongeza ghorofa juu ya nyumba ya baba bila kuandikiana chochote, na baba akifariki nyumba yote huhesabiwa kuwa mirathi, huku ndugu wakibishana kama fedha zilizoingia humo zilikuwa zawadi, mkopo au sehemu ya umiliki. Basi, baba angali hai, aandike mbele ya watoto wake wote na mashahidi ghorofa hiyo ni ya nani. Mahakama ya Kadhi husikiliza kesi za mirathi, lakini karatasi yenye saini humpa kadhi kazi nyepesi kuliko kumbukumbu za ndugu waliokasirikiana. Ikiwa nyumba imo ndani ya Mji wa Kale, ambao uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, ulizia idhini ya ujenzi kabla ya kununua hata jiwe moja.

Katika bajeti, usisahau malipo ya punda wa kupandisha mchanga na saruji kutoka gatini hadi vichochoroni, ambayo fundi huyataja mwisho. Akikutumia picha ya ukuta uliopakwa chokaa vizuri, mwombe pia picha ya risiti na ya mifuko ya saruji iliyobaki, uihesabu mwenyewe.

Likizo iombwe mapema. Anayetaka kuwahi Maulidi ya Mfungo Sita katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, akumbuke kwamba kila mwaka mwezi huo hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya ofisi, na tarehe ya mwaka jana haitamfaa.

Ukiamua kurudi moja kwa moja, kokotoa kiinua mgongo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Kwa wanaosimamiwa na sheria ya kazi ya Saudi Arabia, anayejiuzulu kabla ya kutimiza miaka miwili hapati kitu, na aliyetimiza miwili lakini hajafika mitano hupata theluthi moja tu ya haki hiyo. Anayesubiri mkataba wa muda maalumu umalizike hulipwa kamili, kwa hivyo linganisha miezi iliyobaki na fedha utakazozipoteza, kisha ndipo ukate tiketi.