Kumsaka babu kupitia shamba lake: Malindi na Lamu enzi za Mwingereza

Wengi huanza na jina la babu, wakakwama hapo hapo. Kina Juma bin Khamisi wamejaa pwani nzima, lakini shamba lake ni moja. Anza na shamba.

1. Wazee kwanza. Usiulize babu alizaliwa mwaka gani. Uliza alilima wapi, alipakana na nani pande zote nne, na alipokufa nani alirithi. Wakitaja Shela, uliza ni ya Malindi au ya Lamu. Wakisema "katoka Malindi", hakikisha si mtaa wa Malindi kule Unguja.

2. Geuza miaka. Hati za kadhi zina mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622: 1325 inakupa 1907. Usijumlishe tofauti ile ile kila mahali, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. 1325 inataka 582, 1250 inataka 584.

3. Mirathi. Nasaba za kusimuliwa huwaruka wanawake. Hati ya mirathi haiwezi kuwaruka: mke na binti wana mafungu yao, na dada pia kama marehemu hakuacha mwana wa kiume wala baba, kwa hiyo wametajwa. Ikipatikana, nakili majina yote, hata ya mashahidi.

4. Dai la ardhi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba ya ukanda wa pwani wapeleke madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Ndiyo maana familia nyingine zililima miaka na miaka na hazimo kwenye karatasi yoyote. Nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja kama unayo. Kisha Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi: omba orodha za PC/COAST (faili za mkuu wa mkoa wa Pwani), DC/MAL na DC/LAM (za wakuu wa wilaya za Malindi na Lamu).

Hapa tahajia ndiyo huangusha watu. Karani aliandika alichosikia: Pate ikawa Patta, Siyu ikawa Siu, Muhammad akawa Mahomed. Tafuta kwa jina la mtu, la baba yake, na la nisba (jina la ukoo au la atokako), kila moja peke yake.

5. Kama ukoo unagusa utumwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1907, na mabwana wakaruhusiwa kudai fidia, hivyo tafuta kwa jina la bwana. Majina kama Mabruki, Feruzi au Almasi ni dalili tu ya utumwa, si ushahidi. Nisba nayo haitoshi, kwani walioachwa huru wengine walichukua ya bwana. Jambo hili uliza faragha, si barazani.

6. Jina la mahali. Ondoa -ni ya mwisho, utazame kilichobaki: Mkomani ni penye mikoma (miti ya jamii ya mitende), Kakuyuni ni penye mkuyu. Kisipoeleweka kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, muulize Mgiriama, halafu Muorma. Hadithi yenye mfalme au Mreno iweke kando mpaka uikute kwenye ramani ya zamani au hati.

Kila ukurasa upige picha pamoja na namba ya faili. Bila namba hiyo hutaupata tena.