Shahada mpya ya radiografia chuo cha mkoani: namna ya kupima kama inahitajika kweli

Kila dirisha la udahili likifungwa, vyuo vikuu vya mikoani hubaki na rundo la waombaji wa kozi za afya waliokosa nafasi. Ndipo mjumbe husimama kikaoni na kusema: wanafunzi wapo, tuanzishe shahada. Lakini rundo lile halijawa uhitaji. Ndani yake yumo aliyeomba vyuo vitano kwa siku moja, yumo asiye na sifa, na yumo ambaye angekuja kwetu pale tu udaktari ungemkatalia kila mahali.

Mwongozo huu ni wa kamati zinazoandaa andiko la shahada mpya ya afya nchini Tanzania. Mfano wetu ni radiografia, yaani taaluma ya kupiga picha za mwili kwa X-ray, CT scan na ultrasound, kwa kuwa hospitali za rufaa za mikoa zimepokea mashine za CT scan miaka ya karibuni na zinahitaji watu wa kuzitumia. Njia ni ile ile kwa fiziotherapia au maabara.

Mnatafuta namba tatu: wangapi watasajiliwa, wangapi watapata pa kujifunzia kwa vitendo, na wangapi wataajiriwa. Idadi ya kudahili ni ile iliyo ndogo kuliko zote. Kamati nyingi huishia kwenye namba ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa na inapendeza kwenye andiko.

Waombaji

Chukueni shahada ya afya iliyo jirani na mnayotaka kuianzisha, kisha fuateni takwimu zake za miaka mitatu hatua kwa hatua: walioomba, wenye sifa, waliochaguliwa, waliothibitisha, waliosajiliwa. Chukulia maombi ni 1,100, wenye sifa 620, waliothibitisha 95, waliosajiliwa 71. Namba ya kubeba ni 71. Tangu 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni badala ya mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), hivyo mtu mmoja huhesabiwa na kila chuo alichoomba. Ndani ya chuo chenu, ondoeni majina yaliyojirudia kati ya awamu moja na nyingine kwa kutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne. Vyuo vingine viombeni jumla tu. Msiombe majina, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Angalieni pia tahasusi. Mtaala ukidai Fizikia, wenye CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) wote wanatoka, na katika shule nyingi za kanda hao ndio wengi wa darasa la sayansi. Hesabuni PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) peke yake.

Baada ya hapo nendeni shuleni. Kama kanda ina wanafunzi 1,800 wa PCB kidato cha sita na mnakubali kosa la asilimia 5, kanuni ya Yamane ya kupata idadi ya watu wa kuhojiwa inatoa 1,800 ÷ (1 + 1,800 × 0.0025), yaani 327. Ongezeni asilimia 10 kwa dodoso zitakazoharibika, mfike 360. Hao 360 watoke shule 12, wanafunzi 30 kila shule. Wakitoka shule tatu, wanafunzi 120 kila moja, namba ni ile ile lakini jibu litakuwa baya, kwa sababu wanaosoma pamoja hufikiri pamoja: mwalimu mmoja wa taaluma akisifia uuguzi, darasa zima litaandika uuguzi.

Swali lenyewe ndilo huharibu tafiti nyingi. Ukiuliza "Je, ungependa kusoma radiografia chuoni kwetu?" karibu kila mtoto atajibu ndiyo, kwa heshima kwa mgeni. Ulizeni hivi: kwanza, aandike kozi tano anazotaka na vyuo vyake kwa mpangilio, kabla hamjataja shahada yenu. Pili, mpeni kadi yenye jina la shahada, miaka 4, mji ulipo chuo, ada na hali ya hosteli. Tatu, apange upya zile tano akiwa huru kuiingiza au kuiacha. Hesabuni tu walioiweka ya kwanza au ya pili, na ambao alama zao za mtihani wa moko zinafikia sifa. Wengine wote ni sifuri, hata kama inauma.

Ada ijaribuni kwa kadi za aina tatu, tuseme shilingi 1,500,000, 1,800,000 na 2,200,000, zikigawiwa kwa kuchanganywa ndani ya darasa moja. Mtaona ni bei gani inayowaangusha. Ulizeni pia kama angekuja bila mkopo wa Bodi ya Mikopo, kwa sababu kati ya kuthibitisha na kusajiliwa, wanaopotea wengi hupotea hapo.

Wenye stashahada walioko kazini wapimeni peke yao. Wanataka shahada kweli, ila lazima mwajiri atoe ruhusa ya masomo. Muulizeni Mganga Mfawidhi anaweza kuachia wangapi kwa mwaka. Hospitali yenye wataalamu watatu wa mionzi haitaachia wawili.

Mahali pa kujifunzia

Hapa ndipo shahada nyingi za afya hukwama, na hapa msiamini barua. Barua ya hospitali itasema "tutapokea wanafunzi wenu" bila idadi. Nendeni mkahesabu.

Hospitali yenye vyumba 2 vya X-ray, CT scan 1 na ultrasound 3 ina vituo 6. Kila kituo kinabeba wanafunzi 2 kwa zamu, wa tatu anabaki mtazamaji. Hizo ni nafasi 12 za mchana. Zamu ya jioni ihesabuni tu kama yupo wa kuwasimamia. Toeni wanafunzi wa vyuo vya stashahada wanaotumia vyumba hivyo hivyo, tuseme 5, zimebaki 7. Hospitali tatu za namna hiyo zinatoa nafasi kama 20. Mwaka wa tatu na wa nne huwa hospitalini kipindi kimoja. Mkiwagawa nusu darasani na nusu hospitalini, nafasi 20 zinabeba wanafunzi 40 wa miaka yote miwili, yaani 20 kwa kila mwaka. Udahili wenu wa 71 umeshuka hadi 20 kabla hamjagusa ajira.

Fungueni rejesta ya chumba cha X-ray na takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mashine inayopiga picha 8 kwa siku haitoshi kumfundisha mtu. Ulizeni pia mashine imelala siku ngapi katika miezi 12 iliyopita. Chombo kilichosimama siku 90 kimewapa robo tatu tu ya nafasi mlizoandika. Kila mwanafunzi anahitaji kipima mionzi chake cha kuvaa, na usomaji wake ni huduma ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inayolipiwa. Gharama hiyo iingie kwenye ada tangu mwanzo.

Ajira

Upungufu kwenye ikama (idadi ya watumishi ambayo kituo kinatakiwa kuwa nayo) na nafasi ya kazi ni vitu viwili tofauti. Halmashauri inaweza kuwa na pengo la wataalamu sita na kibali cha kuajiri mmoja, na kibali ndicho kinacholipa mshahara. Kwa hiyo andikeni safu tatu kwa kila kituo: ikama, waliopo, vibali vya miaka mitatu iliyopita. Vituo vya halmashauri taarifa zake ziko kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, ambaye yuko chini ya TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa ziko Wizara ya Afya, barua yake ni nyingine. Hospitali za misheni na za binafsi ziulizeni swali moja: mwaka jana mlimwajiri nani, kwa ngazi gani?

Kabla ya yote, someni muundo wa utumishi wa kada husika, yaani waraka wa serikali unaotaja sifa na ngazi za kazi hiyo. Jina la shahada lisipokuwamo, mhitimu hataweza hata kuomba kazi serikalini. Kamati hupenda majina mapya yanayovutia, na wanaolipa ni vijana. Baraza la taaluma lionyesheni jina na mtaala mapema, kabla ya Seneti, na msitangaze wala kudahili kabla ya ithibati ya TCU.

Pigeni hesabu ya ajira kwa mwaka sahihi. Anayeingia leo anasoma miaka 4, na kada yake ikidai utarajali anaongeza mmoja. Hivyo hesabuni wanaostaafu na vituo vinavyojengwa miaka mitano mbele, pamoja na wahitimu wa vyuo vingine watakaofika sokoni nao.

Dodoso na kadi zitunzeni, pamoja na idhini ya kuwapigia waliojibu. Usajili ukifungwa, wapigieni 50 kati yao muwaulize wamesajiliwa wapi. Kama kati ya 10 walioiweka shahada ya afya iliyokwishakuwapo chuoni kwenu namba moja wamefika 3, basi hata walioichagua radiografia wahesabuni kwa 3 kati ya 10.