Simu yako imetolewa toleo jipya kabla hujaizoea? Fanya hivi

Simu yangu niliinunua Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, duka moja hapa mjini Dodoma, si mbali na Nyerere Square. Shilingi 620,000 taslimu, hela za sendofu nne na kipaimara kimoja. Mimi napiga picha za shughuli, na Makole nina kibanda cha steshenari. Kamera kubwa ninayo, lakini wateja wa siku hizi wanataka video ziingie WhatsApp kabla pilau halijapakuliwa, na hiyo ni kazi ya simu. Wiki ya saba napita palepale dukani, nakuta bango jipya. Toleo linalofuata, 640,000. Chini yake simu yangu mimi, rangi ileile, 520,000.

Laki moja imeyeyuka, na karatasi ya kiwandani bado iko kwenye kioo. Shemeji yangu akaniuliza kwa nini sikusubiri, kana kwamba mwenye duka huwa anampigia simu mteja kumwonya.

Likikupata, kabla ya kumfuata muuzaji tafuta risiti uangalie tarehe. Kama umenunua juzijuzi, nenda leo hii, usilale. Mwaka 2007 Apple walitoa iPhone ya kwanza mwezi wa sita kwa dola 599, na mwanzoni mwa mwezi wa tisa wakaishusha hadi 399. Walionunua mapema walikuja juu. Waliokuwa ndani ya siku 14 walirudishiwa tofauti yote, na waliobaki wakapewa dola 100 za kununulia vitu vya Apple, si pesa mkononi. Nikiwa na hasira zangu kisa hiki kilinifunza mambo mawili: siku zina thamani, na muuzaji hutoa mali kwa urahisi kuliko anavyotoa noti.

Kwa hiyo ukifika dukani usidai urudishiwe hela. Maduka mengi yamebandika ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na ukianza na hilo mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nilikwenda asubuhi, duka halina watu, nikamwamkia yule kijana nikamwambia, "Mdogo wangu, sijaja kugombana. Nimenunua kwako wiki saba zilizopita, risiti hii, boksi hili. Unanisaidiaje?" Akaanza kwa kusema bei anapangiwa na Kariakoo, jambo ambalo naamini ni kweli. Tulipomaliza nilikuwa na kava ngumu, protekta tatu na chaja ya gari. Si laki moja, lakini vitu hivyo ningevinunua hata hivyo.

Atakachokushawishi ni kubadilisha: lete yako, ongeza hela, chukua mpya. Mimi aliniambia niongeze 230,000. Piga hesabu hapohapo. Mpya inauzwa 640,000, kwa hiyo simu yangu ya wiki saba aliipa thamani ya 410,000, wakati ileile mpya kwenye boksi anaiuza 520,000. Yaani laki iliyokwishapotea ingefuatwa na laki nyingine na kumi juu. Nilimshukuru nikaondoka.

Sasa kaa chini ulinganishe simu mbili hizo. Usifuate tangazo, fuata kazi yako. Mimi nilichukua daftari la wateja nikachora mistari miwili. Prosesa ileile. Kamera kuu ileile, megapikseli zilezile. Kamera ya mbele imeboreshwa kidogo. Chaji imetoka wati 33 hadi 45. Rangi mpya ya kijani. Ndiyo hayo tu! Mimi nachaji usiku nikiwa nimelala, na kamera ya mbele siitumii labda nikiwa na wajukuu wa dada yangu kule Kongwa. Ningekuwa nauza urembo kwa kujirekodi uso kutwa nzima, hesabu ingekuwa nyingine, na pengine ningeongeza ile hela.

Kipo kitu kimoja ambacho bango halikisemi, nacho ndicho cha kukikagua zaidi: masasisho. Kampuni nyingi huahidi miaka kadhaa ya masasisho ya usalama, na miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipotoka, si tangu ulipolipa wewe. Simu yenye ahadi ya miaka minne ukiinunua imeshakaa sokoni mwaka mmoja na nusu, umebakiwa na miwili na nusu. Samsung walipotoa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024 waliahidi miaka saba, ndiyo maana simu ya namna hiyo hata ikipitwa na matoleo mawili bado ina maisha. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa ni ya karibuni, tulia. Yangu ilikuwa ya mwezi uliopita.

Halafu gawanya bei kwa siku. Nimepanga kukaa nayo miaka miwili: 620,000 kwa siku 730 ni kama 850 kwa siku. Ningeinunua kwa 520,000 ingekuwa kama 710. Tofauti ni 140, hata andazi la Majengo halipatikani. Kwa wiki saba zile nilifanya sendofu mbili kwa simu hiyohiyo, kwa hiyo kusubiri nako kungenigharimu.

Safari ijayo nunua kwa kalenda. Apple kwa kawaida hutoa iPhone mpya mwezi wa tisa. Galaxy S hutoka mwanzoni mwa mwaka. Simu za bei ya kati hazina adabu hiyo, zinatoka muda wowote, kwa hizo tazama duka lenyewe: wakianza ghafla kutoa zawadi ya spika au kuacha kuagiza rangi zote, mrithi yuko njiani. Mimi sasa nanunua toleo linaloondoka, wiki ya kwanza au ya pili baada ya jipya kufika. Ila hapo ndipo zinapopenyezwa simu za kutilia shaka, kwa hiyo bonyeza *#06#, hakikisha namba inayotokea ni sawa na ya kwenye boksi na risiti, kisha itume kwenda 15090 uone kama ndiyo simu unayoambiwa. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu bandia mwezi wa sita 2016 sina mchezo na hatua hiyo.

La mwisho ni dogo, na wengi hulisahau. Toleo jipya likishaingia, maduka huacha kuagiza kava na protekta za la zamani, na baada ya miezi michache utazunguka Dodoma nzima ukiambiwa "ya hiyo imeisha, mama". Zichukue mapema, zikiwa bado zimejaa. Katika zile tatu nilizopewa, moja ilipasuka kwenye harusi Ipagala, ya pili sijui iliishaje. Imebaki moja.