Kupima mwendo wa ardhi kwa leza na LAGEOS

Kituo cha ardhini hupiga leza kwenye setilaiti na kupima muda wa mwanga kwenda na kurudi; kituo kikionekana kusogea mwaka hadi mwaka, ndio mwendo wa ardhi yake. Nimekuwa nikimwelekeza mwanafunzi mmoja kazi hii kwa ujumbe wa simu. Nayaweka majibu hapa, huenda na wewe yakakufaa.

1. Setilaiti. LAGEOS-1 ya 1976 na LAGEOS-2 ya 1992, basi. Ni matufe mazito ya kipenyo cha sentimeta 60, kila moja lina vioo 426 vya kurudisha mwanga, nayo huzunguka karibu kilomita 5,900 juu. Starlette, setilaiti nyingine ya leza, iache kwanza. Iko chini mno, mvuto wa dunia usio sawa utakutoa jasho.

2. Data. Ziko bure kwenye hifadhi za mtandaoni CDDIS (ya NASA) na EDC (ya Ujerumani). Pakua faili za CRD (muundo wa kawaida wa data za leza) zenye pointi za wastani wa mapigo mengi ya leza, si za kila pigo. Anza na kituo cha Hartebeesthoek, Afrika Kusini (namba yake 7501), pamoja na Yarragadee (Australia), Graz (Austria) na vinginevyo, maana kituo kimoja hakikupi obiti.

3. Umbali. Uko kwenye mistari ya faili inayoanza na namba 11: sekunde za siku, kisha muda wa kwenda na kurudi. Zidisha kwa kasi ya mwanga, gawa kwa mbili.

4. Hewa. Hapa kaa kitako. Hewa huchelewesha mwanga, hivyo hata setilaiti ikiwa utosini umbali hurefuka kwa zaidi ya mita 2 ukiwa usawa wa bahari. Sahihisha kwa modeli ya Mendes-Pavlis, fomula inayokokotoa ucheleweshaji huo. Mgandamizo wa hewa, joto na unyevu viko kwenye mistari inayoanza na namba 20 ya faili lilelile: milibari, Kelvini, asilimia. Usivitafute kwingine!

Mwanafunzi wangu alichukua mgandamizo kwenye tovuti ya hali ya hewa. Tovuti hizo kwa kawaida hutoa thamani iliyoshushwa hadi usawa wa bahari, tuseme 1,015. Hartebeesthoek iko karibu mita 1,400 juu, na barometa ya pale husoma kama 860. Kila milibari ya ziada huongeza milimita 2.4 kwenye masahihisho ya utosini, kwa hiyo zilizuka sentimeta 37 za uongo. Setilaiti ikishuka hadi nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, kosa hukaribia mara tatu. Programu haikulalamika, ilikipandisha kituo tu. Kwa kituo cha pwani tofauti haionekani kabisa, ndiyo maana wengi hawashtuki. Chora mabaki (umbali uliopimwa ukitoa uliokokotolewa) dhidi ya pembe ya setilaiti juu ya upeo: yakipinda kadiri pembe inavyopungua, mshuku hewa kwanza.

5. Obiti. Usijiandikie programu. Orekit, maktaba ya programu za obiti, ni ya bure, inasoma CRD na ina Mendes-Pavlis ndani. Kokotoa obiti kwa tao (kipande) la siku 7, vituo vingine vifungwe kwenye mahali pake katika ITRF2020, mfumo wa kimataifa wa viwianishi vya dunia. Ongeza pia umbali kutoka kwenye vioo hadi kitovu cha tufe, karibu milimita 250. Thamani kamili hutofautiana kwa kituo, ILRS, shirika la kimataifa la vituo vya leza, ina jedwali.

6. Mwendo. Rudia wiki kwa wiki, miaka kadhaa. Jibu la Hartebeesthoek liwe karibu sentimeta 2.5 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki, Yarragadee karibu 7. Kimo usikiamini haraka, kwani kosa la kudumu la umbali hujifanya kimo. Kadiria kimo na kosa hilo pamoja, na kimo kikiruka ghafla, soma kumbukumbu za kituo uone kama walibadilisha kifaa siku hiyo.