Jinsi ya kuomba karatasi za miti inayokatwa barabarani kwenu, kabla msumeno haujamaliza

Mijakaranda saba ya barabara yetu iliangushwa kwa siku mbili. Barua yangu ya kuuliza ni nani aliyetoa ruhusa ilijibiwa wiki tatu baadaye, kwa muhuri mzuri sana. Kama wewe ni mkaaji wa Nairobi au mji wowote wa Kenya na umeamka ukakuta X nyekundu kwenye shina la mti ulioukuta pale ulipohamia mtaani, soma haya leo. Ile X Wakenya tunaijua. Ukutani ina maana nyumba inabomolewa, na kwenye mti haina maana nyingine.

Haki yenyewe ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Huhitaji wakili, wala hulipi chochote kupeleka ombi. Unaweza tu kutozwa gharama ya kutoa nakala. Sababu yako pia haimhusu mtu. Ukiulizwa mlangoni "unazitakia nini?", jibu kwa upole kwamba sheria haikudai useme.

Sasa nije palipoteketeza siku zangu: kujua barabara ni ya nani.

Mimi niliona lami, nikaona taa, nikadhani najua. Nikapanga foleni kwenye ofisi moja, nikaacha barua, nikarudi nyumbani nikiwa nimejaa imani. Siku ya 23 nikapigiwa simu: "Hiyo barabara si yetu." Wiki hiyohiyo misumeno ikaja.

Usifanye nilivyofanya. KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za kitaifa) inashika barabara kuu, KURA (mamlaka ya barabara za mijini) barabara za kitaifa zilizo ndani ya miji, na mitaa mingi iliyobaki ni ya serikali ya kaunti. Mbili za kwanza zilizaliwa na Sheria ya Barabara ya 2007, kaunti zikaingia baada ya uchaguzi wa 2013, na mwananchi akaachwa abahatishe. Kwa kuitazama tu barabara hutajua. Tafuta bango la mradi, lile lenye jina la mkandarasi, na usome mstari unaomtaja mwenye mradi. Kama hakuna bango, muulize msimamizi wa vibarua analipwa na nani. Yeye hujibu haraka kuliko ofisi yoyote niliyoingia. Na kama yanayokatwa ni matawi yaliyo chini ya nyaya za umeme tu, huenda hakuna mradi wa barabara kabisa na wa kuulizwa ni kampuni ya umeme.

Ukibaki na shaka, andika mstari huu mwishoni mwa barua. Laiti ningeujua: "Iwapo habari hizi ziko kwa taasisi nyingine, naomba ombi hili lihamishiwe huko ndani ya siku 5, kwa mujibu wa sehemu ya 10 ya Sheria." Siku 5, wala si 23. Tena ombi likihamishwa, siku za kujibu zinaendelea kuhesabiwa tangu ulipolipeleka mara ya kwanza.

Kuhusu barua yenyewe, usiulize "kwa nini mnakata miti yetu?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa aya mbili juu ya maendeleo. Omba karatasi, moja moja, kwa namba. Mimi niliomba nne: barua iliyoidhinisha kukatwa kwa miti, ikiwa na tarehe na cheo cha aliyetia sahihi, leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) ya mradi pamoja na masharti yake, kumbukumbu za kikao cha kuhusisha umma pamoja na orodha ya waliohudhuria, kisha hesabu ya miti itakayokatwa, mbao zitakwenda wapi, na mingine itapandwa wapi. Taja barabara, kutoka makutano gani hadi makutano gani. Ambatisha picha ya mashina yenye X.

Iandike kwa Kiswahili ukipenda. Karani aliipokea yangu akaigeuzageuza kana kwamba nimemletea utenzi wa ndoa. Sheria inasema Kiingereza au Kiswahili. Wakikuambia ujaze fomu yao, jaza kama iko karibu, lakini hawawezi kulikataa ombi kwa sababu tu hukutumia fomu hiyo.

Ielekeze kwa afisa mkuu mtendaji, kwa kuwa kisheria yeye ndiye afisa wa kutoa habari, hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo. Peleka nakala mbili, na usiondoke dirishani kabla ya yako kupigwa muhuri wenye tarehe. Kama mwenye muhuri ameenda chai, msubiri. Siku 21 ambazo sheria inawapa kukujibu zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, na lazima pawe na sababu. Wakinyamaza hadi siku zikaisha, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia. Hapo unakuwa na siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambao kaulimbiu yao ni "Hata mnyonge ana haki". Ofisi yao kuu iko West End Towers, Waiyaki Way.

Na kwa kuwa tumefika Waiyaki Way, niseme jambo ambalo fomu hazisemi. Mti mkubwa wa mugumo wa barabara hiyo, wenye umri wa karibu karne nzima, ulikuwa kwenye njia ya barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Haukuokolewa na barua ya siku 21. Ombi la habari halisimamishi msumeno hata dakika moja. Kwa hiyo siku unayopeleka ombi, peleka pia malalamiko kwa NEMA, mpigie MCA wako (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), na uwaamshe majirani. Mwenye uwezo wa kwenda mahakamani ajue kwamba chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba hahitaji kuthibitisha kuwa yeye au mtu mwingine amepata hasara.

Jibu langu la pili, kutoka ofisi sahihi, lilichukua siku 20. Hilo nawapa sifa. Karatasi tatu kati ya nne zilikuwamo. Iliyokosekana ni ya kikao cha umma, nimeambiwa "inatafutwa". Kuikatia rufaa ni kazi ya wiki ijayo.

Upande wa pili wa barabara bado una mijakaranda mitano, haijapakwa rangi. Barua yake nimeshaichapa na kuiweka kwenye faili, imebaki kuandikwa tarehe.