Kuchagua alama za maisha na Parkinson: hatua kwa vikundi vya Kisumu

Duniani, alama ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, ni tulipu jekundu. Mkulima wa maua Mholanzi aliyeugua Parkinson alizalisha ua hilo akalipa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa mwaka 1817. Ni ua zuri, ila mzee wa Dunga, ufukweni Kisumu, hajawahi kuliona. Mwacheni achague na kuchora alama yake mwenyewe.

Hatua ya 1. Kikao kifuate dawa, si dawa kufuata kikao. Kwa wengi, levodopa, dawa kuu ya Parkinson, huwa imeshika saa moja hivi baada ya kumezwa. Kuimeza pamoja na samaki au maharagwe mengi huweza kuichelewesha, kwa sababu ya protini.

Hatua ya 2. Kila mtu apewe karatasi mbili na kalamu nene. Bandikeni pembe zote nne mezani kwa selotepu, karatasi isikimbie mkono. Pigeni mistari iliyoachana sentimita 3, maana mwandiko wa Parkinson huanza vizuri kisha husinyaa neno baada ya neno.

Hatua ya 3. Ulizeni: "Mzee, wiki hii mwili ulikukatalia wapi? Ulikutii saa ngapi?" Jibu la kwanza alichoree alama karatasi moja, la pili nyingine. Alama moja haitoshi, kwani mtu huyohuyo hutembea saa nne na kuganda mlangoni saa saba. Kisha nyamazeni. Kwa Parkinson, sauti huwa ndogo na jibu huchelewa. Uso usiocheka si hasira. Binti akijibu kwa niaba ya baba, mwombeni kwa upole asubiri.

Hatua ya 4. Pimeni alama. Mtumbwi ulionaswa na magugu maji unafaa sana kwa miguu iliyoganda: injini inanguruma, chombo hakisogei, na wa ufukweni hudhani nahodha hataki. Koroboi inayoishiwa mafuta yafaa kwa dozi inayoisha nguvu. Kikombe kinachomwagika kifikirieni mara mbili: mtetemo huu kwa kawaida huzidi mkono ukiwa umetulia, na wengine hawatetemeki kabisa. Kinyonga naye, mwendo anao, lakini wazee wengi wa huku humwona mkosi. Mwonyesheni jirani michoro bila maelezo. Akisema "mlevi" au "karogwa," rudini hatua ya 3.

Hatua ya 5. Nyuma ya karatasi andikeni tarehe na saa ya dozi. Dawa ikibadilishwa, mrudishieni mwenyewe karatasi, mumwulize kama alama bado ni yake.